Faili Matangani

Watu huota kazi ya benki, kiti cha kuzunguka na kiyoyozi. Mimi niliitwa Homa Bay kupewa kazi ya marehemu. Kampuni ilikuwa inauza bima ya mazishi, na kabla ya kulipa ilitaka mtu aende kwa wafiwa, ahakikishe kwamba aliyekufa amekufa kweli na kwamba hakujiandikisha akiwa tayari mgonjwa. Digrii yangu ya fedha, na jasho lake lote, ilinifikisha hapo.

Mama hakujali ni fedha za aina gani. Anauza njugu sokoni Uriri, goti lake moja limekataa kukunja, na tangu nimalize chuo Rongo nimekuwa nikikaa kando yake nikipepeta maganda. "Nyathina, mwanangu, kazi ni kazi," aliniambia. "Wewe enda, mimi nipumzike." Kufikia jioni soko zima lilikuwa linajua.

Meneja akataka kwanza nifuatane naye siku moja, anione. Tukaenda boma moja nje ya Oyugis. Langoni tukakuta kundi la wanawake wakiingia kuomboleza. Kwetu mwanamke haingii kwenye msiba kimya kama aliyeleta barua. Ukivuka lango unapaza sauti. Wao wakaanza, nami nikaanza. Nilidhani ni adabu tu. Yawa! Machozi yakaja ya kweli, ya marehemu baba yangu, mpaka kamasi.

Mjane akanishika mkono, akaniketisha naye mkekani. Alidhani nilifanya kazi na mumewe. Haki nilitaka kumwambia mimi ni nani, lakini alikuwa ameshaanza: jinsi mumewe alivyougua muda mrefu, jinsi alivyojiandikisha bima akijua kabisa hatapona, ili watoto wasiuze ng'ombe kumzika. Alisema kwa fahari. "Alitufikiria," akasema. Kisha akaita ugali na nyama, akanisukumia kipande kikubwa. Nikala. Faili la mumewe lilikuwa ndani ya mkoba wangu, limegusana na mguu wake.

Tulipoingia garini meneja akauliza, "Haya, yule mjane amekuambia nini?"

"Ameniambia nile."

Akacheka hadi akapiga usukani. "Mzee alianza kuugua lini?"

"Hakusema."

"Si kitu, tutauliza hospitali. Lakini wewe unafaa! Mimi wakiniona tu wanafunga midomo. Wewe umelia kama mtu wa kwao. Hiyo haifundishwi."

Akanipa kazi palepale, nijibu kufikia Jumatatu.

Wikendi nzima sikulala vizuri. Kumbe walichotaka kununua si hesabu zangu, ni kile kilio. Niliwaza mkeka mwingine, mjane mwingine akinisukumia nyama, na mimi nikipanguza mdomo kisha naandika. Jumatatu nikapiga simu nikakataa. Usinisifu. Yule mjane sikumwokoa, maana hospitali ingesema yote. Nilijiokoa mimi peke yangu, na anayelipia ni mama.

Nilimwambia jioni, akipaka goti dawa. Nilijitayarisha kwa matusi, na kwa kweli ningeyapokea kwa shukrani. Hakunitukana. Hakuniuliza hata sababu. Alifunga kikopo cha dawa, akasema njugu zimepata unyevu, kesho tuzianike mapema. Nilijiona mchoyo, nimekaa pale na roho yangu safi.

Kesho yake muuza nyanya wa upande wa pili akatupigia kelele, "Mama afisa! Binti anaripoti lini?"

Mama yangu hujaza kikombe cha njugu mpaka kimwagike, asije akamdhulumu mtu. Sijawahi kumsikia akisema uongo, hata wa kufukuza wageni. Akainua uso, akatabasamu, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Bado hawajampigia! Lakini mimi nangojea tu."