Besi ya Orville

Mshika kifilimbi wa klabu yetu ya kuimba hana daftari la historia. Ukimuuliza klabu ilianzaje kule kwa kinyozi Lindquist, anafuta kifilimbi kwenye mkono wa sweta, anakipuliza mara moja kupata noti, kisha anakuimbia sauti ya kila mwenzetu marehemu kama alivyoimba mwenyewe, pamoja na makosa yake. Besi ya Orville, ile sauti nzito ya chini, huichelewesha kidogo, maana Orville alikuwa mzito wa kuvuta pumzi. Tangu tumzike tumebaki watatu, na nyimbo zetu ni za sauti nne.

Siku ya Jumanne, tukiwa katikati ya wimbo, alikuja fundi bomba kutengeneza hita ya kanisa tunamofanyia mazoezi. “Wazee, zimeni umeme kwanza,” akanguruma kutoka nyuma ya hita.

Mshika kifilimbi akageuka. “Hebu sema tena, kijana.”

“Mimi siimbi, mzee. Hata bafuni.”

“Nani kakuuliza?”

Akamshika bega, akamwimbia sikioni besi ile mara tatu, taratibu. Kisha tukaimba wanne, fundi na spana yake mkononi, mpaka vioo vya madirisha vikavuma. Fundi alichelewa kidogo, palepale pa Orville. Nikafungua mdomo nimsahihishe. Mshika kifilimbi akanikanyaga mguu.