Piko la Kiwandani

Juzi, katika hoteli ninayofanyia kazi hapa Al Sadd, ughaibuni, mgeni aliacha bakuli la korosho mezani. Harufu yake ikanirudisha kwenye lango la kiwanda cha mji wetu wa Pwani, alasiri moja ya kuamkia Idi. King'ora kililia, Mama akatoka, vidole vyeusi hadi kwenye kucha. Mimi nilidhani ni piko, ile rangi nyeusi ya kujipambia sikukuu. Nikaokota ganda la korosho, nikaanza kujipaka mafuta yake.

Mama alinichapa mkono. “Haya hayakufai wewe, mwanangu.”

Nikanuna, nikimwona ana choyo. Sikujua yanaunguza ngozi.

Siku hizi kiwanda ni magofu. Mama alipokwenda kuomba pasipoti aje kunitembelea, mashine haikusoma alama ya kidole hata kimoja.