Gemu Isiyo na Maneno

Mimi huandika polepole. Shule niliacha baada ya darasa la nane, na hata nikiwa huko mwalimu alikuwa anafuta ubao kabla sijafika nusu ya kazi. Kwa hivyo nilipotengeneza gemu yangu sikuweka neno hata moja ndani yake. Sikutaka mtu aone maandishi yangu.

Gemu yenyewe si ngumu kuieleza. Upande wa kushoto kuna tundu linalotoa bloki za kijivu, moja baada ya nyingine. Upande wa kulia kuna mlango, na juu ya mlango kuna picha ya umbo linalotakiwa, labda bloki mbili nyekundu zilizoshikana na ya buluu juu yake. Katikati hakuna kitu. Hapo unapanga wewe mwenyewe: mkanda wa kubeba, mashine ya kukata, ya kugeuza, ya kupaka rangi, ya kuunganisha. Ukimaliza unawasha, unatoa mkono, na laini hiyo ya mashine inafanya kazi peke yake. Umbo sahihi likifika, mlango unafunguka. Likifika baya, mlango unabaki umefungwa, bloki zinarundikana nyuma yake, na mwishowe laini yote inasimama.

Huko kusimama nilikujua vizuri. Nilikuwa nafanya kazi Thika, katika kiwanda cha sabuni, kwenye mkanda unaopeleka miche mirefu hadi kwenye kisu, kisha kwenye muhuri, kisha kwenye karatasi za kufungia. Mche mmoja ukilala vibaya, wa nyuma yake unaupanda, na kabla hujanyoosha mkono mtu ameshabonyeza kitufe chekundu. Kelele yote inakatika. Watu wanageuka kuangalia imetokea kwa nani. Hakuna anayesema kitu, na mimi ningependa waseme.

Jioni nilirudi Ruiru, kwenye chumba nilichopanga, nikawasha laptopu. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya binamu yangu, binti wa mama mdogo, aliyekuwa anasoma Juja. Chuoni alikuwa na kompyuta za kutumia, kwa hivyo hiyo yake aliniazima. Ndani yake kulikuwa na programu ya kutengenezea gemu ambapo huandiki sana, unaburuta vipande vya amri na kuvipanga. Nilijifunza kwa video, nikizisimamisha na kuzirudisha mpaka nielewe.

Halafu binamu akamaliza masomo, akapata kazi Eldoret. Alikuwa anaondoka mwisho wa mwezi, na laptopu ilikuwa inaondoka naye. Sikuweza kulalamika, ni kitu chake. Lakini kila nilipoifungua nilihisi kama namuaga mtu.

"Kuna watu hapa Juja wanatoa chumba cha kufanyia kazi," aliniambia siku moja. "Kompyuta ziko, stima iko, unakaa miezi kadhaa ukimalizia kitu yako. Jumamosi kuna maonyesho, wachague ni nani watachukua."

"Hiyo ni ya wasomi."

"Ni ya watu wako na kitu ya kuonyesha. Wewe uko na kitu."

"Nitasema nini?"

"Usiseme. Weka gemu kwa meza, ukae hapo kama nguzo ya stima. Hiyo kazi unaijua."

Nilicheka, lakini usiku huo sikulala vizuri. Nilielewa mambo yalivyo. Nikipata chumba, gemu itaendelea. Nikikosa, binamu atafunga begi lake na gemu itaishia pale ilipofika.

Kabla ya Jumamosi niliwapa majirani wa ploti ninayopanga waijaribu. Mama anayeuza uji na chapati karibu na geti alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akacheza kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayegusa chuma cha moto. Laini yake ilikwama karibu mara moja. Aliitazama kidogo.

"Haiya, hii umetengeneza wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Iko sawa kabisa." Akapangusa vitufe kwa leso yake na kunirudishia laptopu kwa mikono miwili.

Fundi wa viatu naye alisema iko sawa. Wote walisema iko sawa. Mimi niliwaamini, kwa sababu nilitaka kuwaamini.

Jumamosi ukumbi ulikuwa na meza nyingi na nyaya zimelala kila mahali. Niliogopa mtu atajikwaa kwenye waya wangu na laptopu izimike. Kijana aliyeshika maikrofoni alitusomea sheria. Mgeni akiketi kucheza, mtengenezaji haelekezi, hagusi, haongei, mpaka mgeni ainuke. Wanataka kuona kama kazi inajieleza yenyewe. Wengine walinung'unika. Mimi nilishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Wageni wakaanza kuja. Wa kwanza alipanga mashine vizuri kiasi, akakosea moja, laini ikakwama, akainuka. "Iko poa," alisema, akaenda. Wa pili vivyo hivyo. Kwenye meza ya jirani kulikuwa na mwanafunzi mwenye gemu ya mpira, na huko watu walikuwa wanapiga kelele na kusukumana. Kwangu walikaa kimya, wakakwama, wakaniambia iko sawa, wakaondoka. Niliikagua laptopu, nikidhani labda kuna kitu kimeharibika ndani. Hakukuwa na kitu.

Kisha akaja mmoja wa wale watakaochagua. Alikuwa mama wa umri wa mamangu, na kitambulisho cha waandalizi kinaning'inia shingoni. Binamu, aliyekuwa amekuja kunisindikiza, alinifinya bega kwa nyuma.

Mama yule alivaa miwani, akaanza. Aliweka mkanda, akaweka ya kupaka rangi, akaweka ya kuunganisha, kisha ya kugeuza mwishoni. Niliona kosa palepale. Ya kugeuza ilitakiwa itangulie. Akawasha. Umbo likafika mlangoni likiwa limelala ubavu, bloki zikaanza kupandana.

"Imekwama," alisema.

Nilitazama sakafu.

"Kijana, nasema imekwama. Sasa nifanye nini?"

Kwetu, mtu wa umri wa mamako akikuuliza jambo ukanyamaza, umemtukana. Mdomo wangu ulifunguka, nikakumbuka sheria, nikaufunga.

"Ama huyu haongei?"

"Mama, ameambiwa asiongee," binamu alimjibu.

"Ameambiwa na nani?"

"Na nyinyi."

Watu waliokuwa karibu walicheka, na yeye pia akatabasamu kidogo. Akarudi kwenye kioo cha laptopu. Alikaa akiutazama ule mrundikano wa bloki kwa muda mrefu, mikono mapajani, kama mtu aliyekaribishwa sebuleni ambaye hajui kama anaruhusiwa kuegemea kochi. Kisha akainuka na kurudisha kiti mahali pake.

"Ni nzuri," alisema. "Iko sawa."

Akaenda meza ya jirani.

Hapo ndipo nilipoyasikia vizuri maneno hayo. Ni maneno ya mgeni. Ukipewa chai isiyo na sukari unasema iko sawa, na kikombe kinarudi nusu. Nilimkumbuka mama wa chapati akipangusa vitufe kwa leso. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia chochote kuhusu gemu yangu. Walikuwa wameniheshimu tu, na kwa heshima hiyo nilikuwa naelekea kukosa chumba.

Binamu alinong'ona, "Mfuate."

"Ameshaamua."

"Basi huna cha kupoteza. Enda."

Sijui nilivukaje ile nafasi kati ya meza mbili. Nilijikuta nimesimama kando yake, na yule mwanafunzi wa mpira ananitazama.

"Mama, samahani."

"Oh, sasa umeruhusiwa."

"Ulikwama wapi?"

"Sikukwama. Nimekuambia iko sawa."

"Mama, ulikwama."

Alivua miwani, akanitazama. Nilidhani nimeharibu kila kitu.

"Ile ya kugeuza," alisema hatimaye. "Niliiweka mwisho. Nilijua nimekosea."

"Mbona hukuitoa?"

"Kwani inatoka?"

"Inatoka. Unaishikilia kidogo, unaivuta."

"Mimi ningejuaje? Nilidhani nikianza kuvutavuta nitakuharibia. Hiyo ni mashine ya watu, na ndiyo hiyo umeileta kuonyesha."

"Hata mimi nilifikiri hivyo," mwanafunzi wa mpira akaingilia. "Asubuhi nilicheza yako kidogo. Niliogopa kugusa tena."

Nilirudi mezani kwangu. Mtoto kwetu hufundishwa mapema kwamba kitu cha watu hakichezewi, na ukikikuta kimewekwa unakiacha kilivyo. Na gemu yangu, zaidi ya nusu yake ni kubomoa. Unaweka, unakosea, unatoa, unaweka kwingine. Mimi niliitengeneza nikiwa peke yangu chumbani, nikibomoa bila kuogopa mtu, na sikuwahi kufikiri kwamba mwingine angehitaji ruhusa.

Wakatangaza chakula. Watu wakatoka ukumbini. Nilifungua ile programu nikaanza kuongeza mwanzo mpya: laini ambayo tayari ina mashine moja mahali pabaya, kisha mkono unakuja, unaichomoa, unaiweka panapofaa, na bloki zinapita. Mkono nilihitaji kuuchora, na mikono ni migumu kuchora. Wa kwanza ulifanana na uma.

Binamu aliniletea sahani ya pilau. "Kula."

"Ngoja."

"Si uandike tu 'toa'? Herufi tatu. Hata wewe kabla wamalize soda utakuwa umefika mwisho."

"Ngoja, tafadhali."

Nilipojaribu mara ya kwanza mkono ulichomoa hewa, mashine ikabaki. Nilipojaribu tena mashine ilichomoka, lakini mkanda nao ukapotea, na programu ikaganda kabisa. Nilikaa nimeshika kichwa huku nikiwasikia watu wakirudi mlangoni. Sikukumbuka kama nilikuwa nimehifadhi kazi. Ilipofunguka tena nilikuta nusu ipo, nikarudia iliyobaki. Mwishowe ilifanya kazi, ila mkono ulikuwa unawaka na kuzima kama taa mbovu. Hapakuwa na muda wa kuurekebisha.

Wa kwanza kukaa alikuwa yule mwanafunzi wa mpira, aliyeacha meza yake kwa rafiki. Alitazama mkono ukichomoa. "Kumbe," alisema. Akapanga, akakosea, akabomoa, akapanga. Alibomoa hata vitu ambavyo vilikuwa sawa. Nyuma yake watu wawili walianza kumwambia aweke hii, atoe ile, na hakuna aliyekuwa mpole.

Lakini yeye hakuwa mwenye kuchagua. Nilimtafuta mama yule, nikamkuta upande wa pili wa ukumbi.

"Mama, naomba urudi kwangu."

"Nilishakaa kwako."

"Naomba ukae tena."

"Kuna meza sijafika bado, kijana. Nikimaliza."

Nilirudi kungoja. Alasiri ikaenda. Kila aliposogea meza moja kuja upande wetu, mtu alimwita kwingine. Watu walianza kukunja nyaya. Binamu alitaka kuzima laptopu nikamzuia, ingawa betri ilikuwa inaelekea kuisha na mwenye soketi alikuwa ameshachukua kamba yake ya stima.

Alikuja meza zikiwa zinabebwa. Hakusema kitu, alivuta tu kiti. Akautazama ule mkono. Aliweka mashine zake, akakosea palepale alipokosea asubuhi, akaishikilia ya kugeuza, akaivuta, akaisogeza mbele. Bloki zikapita, mlango ukafunguka. Akaenda hatua iliyofuata. Huko alibomoa laini nzima, akaanza upya, akaguna, akabomoa tena. Nilisimama nyuma yake nikitazama alama ya betri. Laptopu ilipozima alikaa kidogo mbele ya kioo cheusi, akainuka na kwenda. Safari hii hakuniambia iko sawa. Hakuniambia chochote.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko Jumamosi yenyewe. Kwenye mkanda wa sabuni nilikuwa nikifikiria kule kunyamaza kwake, nikikugeuza hivi na vile, na miche ikanilalia vibaya zaidi ya mara moja. Kiwandani simu hukaa kwenye kabati mpaka mapumziko. Nilipoitoa yangu nikakuta namba nisiyoijua imepiga. Nilitoka nje, nikasimama kando ya ukuta, nikapiga.

"Wewe ndiye wa bloki?" Ilikuwa sauti yake.

"Ndiyo, mama."

"Ule mkono wako unawaka na kuzima. Urekebishe, unaumiza macho."

"Ndiyo, mama."

"Tunafungua chumba Jumatatu. Utakuja?"

Sikuweza kujibu haraka.

"Kijana, hapa kwa simu hakuna sheria ya kunyamaza."

"Nitakuja. Lakini laptopu si yangu, inaondoka."

"Kompyuta tunazo. Wewe leta gemu."

Binamu alisafiri kabla ya hiyo Jumatatu. Asubuhi ya safari alipitia kwangu Ruiru kuchukua mali yake, akanikuta nimechomeka flashi, natazama ule mstari wa kunakili ukijaa kidogo kidogo. Stima ilikuwa imepotea na kurudi tangu alfajiri, na betri yenyewe ilikuwa imezeeka. Msimamizi wangu wa Thika nilikuwa bado sijamwambia chochote. Sikujua ningeanzia wapi, wala kama nikirudi baada ya hiyo miezi angenipokea.

"Imemaliza," binamu alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na begi mgongoni. "Lete, basi langu haliningoji."

Nilichomoa flashi, nikaichomeka tena, nikafungua gemu kutoka humo kuona kama kweli imeingia. Ilikuwepo. Bloki zilitoka kwenye tundu, moja baada ya nyingine.

"Dakika moja tu," nilimwambia, nikainakili mara ya pili.