Mashine ya chuma, leo pale Masese

Jamani, leo sina raha kabisa.

Mnajua ile mashine ya kutafutia chuma ardhini mliyonicheka nilipoinunua? Nimeijaribu leo mara ya kwanza, ufukweni mwa ziwa, pale Masese.

Ikalia. Nikachimba: kifuniko cha soda. Ikalia tena: kifuniko kingine!

Watu wakanizunguka. "Bwana, dhahabu iko wapi?" Tukacheka sote.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa akianika samaki akaniuliza polepole, "Hiyo inaweza kutafuta mtu ziwani?"

"Hapana, mama. Inasikia chuma tu."

"Kijana wangu alizama na saa mkononi."

Mashine yenyewe haitakiwi kuguswa na maji. Nikavua viatu, nikaingia naye majini hadi magotini, mashine mkononi.

Mashine haikulia.

Akanyoosha kidole mbele. "Na pale, mwanangu?"

Niambieni, nyinyi mngetoka majini?