Kitanda Kisichopita Mlangoni

Mimi ni mtu wa Soni, nikaolewa Magoma, chini ya milima, kwenye joto na mchwa. Kwetu juu baridi inakufanya ujikunyate, lakini kitanda chako unakikuta asubuhi kama ulivyokiacha. Magoma, mchwa walikula kikapu changu cha harusi, wakala na matendegu ya kitanda cha kamba alichotuazima mama mkwe. Nikamwambia mume wangu, seremala, tena seremala wa kujisifu, kwamba mimi chini silali. Akacheka, akasema atanitengenezea kitanda ambacho mchwa watakipigia saluti.

Mti alikuwa nao. Mvule ulikuwa umeangushwa na upepo shambani kwa baba yake, na bwana misitu alishautazama na kuwaruhusu waupasue. Walichimba shimo, wakalilaza gogo juu yake, mmoja akavuta msumeno akiwa juu, mwingine akiwa chini na vumbi likimwagikia usoni. Vumbi la mvule linawasha, na mti wenyewe huficha mawe tumboni. Msumeno ukikutana na jiwe, meno yanakatika na wanaume wanatukana. Mbao nyingi zilikwenda kwa watu, zikawa milango na madawati. Zile nene kabisa akaniwekea mimi.

Ilikuwa masika na baraza lilivuja, basi akahamishia kazi chumbani. Hakutumia msumari hata mmoja. Alitoboa matundu, akachomeka mbao, akapigilia vijiti vya mvule uleule, na vikishaingia havitoki. Hakuna aliyepima mlango. Mimi niliona wazi kwamba kile kitanda hakitatoka mle, nikanyamaza, maana kitoke kiende wapi?

Kikaenda. Nyumba zetu zilikuwa zimetawanyika mashambani, tukaambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa kando ya barabara, ndiko shule na zahanati vitakakojengwa. Sikuwa na kinyongo; nilitaka watoto wangu wasome. Siku yetu ilipofika, lori likaja, tukatoa masufuria, kuku, magunia ya mahindi. Kitanda tukakisimamisha, tukakilaza ubavu, tukakigeuza juu chini. Kikagoma. Mume wangu akafuta jasho, akaenda kuchukua msumeno.

"Nakata matendegu," akasema. "Nitayaunga kule."

Hapo nilikasirika kweli. Kile kitanda nilikipenda. Nilizalia watoto pale, nikaugua malaria pale nikapona, na ndicho kitu pekee ambacho yule bwana alinitengenezea bila mteja kumharakisha. Nikamwambia, "Baba watoto, ukikikata, utalala nacho peke yako. Mimi naondoka leo hii kwenda Soni." Alinijua. Msumeno akauweka chini.

Nikachukua jembe nikaanza kuubomoa ukuta. Ulikuwa wa fito na udongo, na nyumba yenyewe tulikuwa tunaiacha, sasa nauhurumia wa nini? Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja kusimamia uhamaji, akaniuliza kwa upole kama nimeugua. Akasema lori halina nafasi ya kitanda cha kifalme.

"Ndugu mwenyekiti," nikamjibu, "lori nimekuachia. Nipe wanaume wa kubeba."

Akanipa, na yeye mwenyewe akashika tendegu moja. Walikibeba mpaka barabarani wakiimba na kupumzika njiani, na kila walipopumzika walimtania mume wangu: fundi gani huyu asiyejua upana wa mlango wake?

Kwenye kiwanja chetu kipya, mume wangu akaanza kupanga: tujenge kwanza, kitanda kitaingia baadaye. Nilimtazama mpaka akacheka mwenyewe. Tukakiweka kitanda patakapokuwa chumba cha kulala, tukachimbia nguzo kukizunguka. Majirani walipita wakituona tumelala kwenye kitanda cha mvule, bila ukuta, turubai tu juu ya vichwa. Walicheka sana, na sisi tulilala vizuri.

Nyumba ile mchwa waliila. Tukajenga nyingine, nayo wakaila. Kila mara kuta zilianguka na kitanda kikabaki palepale, tukaanza upya kukizunguka. Hii ya sasa ni ya matofali, na mlango wake ni mwembamba vilevile, maana fundi alikuwa yuleyule.

Mume wangu alifia juu ya kitanda hicho. Waliokuja kumtoa walisimama kidogo kwenye mlango wa chumba, wakaukadiria upana kwa macho, kwa mazoea tu. Akapita bila taabu, alikuwa amekonda sana. Nililia siku ile kwa kuona alivyopita kirahisi.

Sasa nalala upande wake, ukutani. Wanangu wanasema kuna mnunuzi Tanga anayetafuta mvule wa zamani, nami nizeeke kwenye kitanda chepesi cha kisasa. Nimewajibu kwamba siku yangu ikifika wanitoe mimi, kitanda wakiache. Mdogo wao akauliza, nani sasa atakilalia. Nikamwambia, atakayekuwa tayari kukijengea nyumba.