Nyundo ya Polikarpo

Nyundo ilipigwa mara moja. Mimi niliisikia mara mbili.

Haikuwa mwangwi, na sikuwa nimekunywa kitu. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, Keko, mwaka 1999, nimekaa mbele ya kompyuta na hedifoni masikioni. Nyundo ikagonga. Kabla sijavuta pumzi, ikagonga tena, ile ile.

Wakuu, kuna mtu nilimfanyia jambo kwa sababu ya nyundo hiyo. Nimekaa nalo miaka mingi bila kusikia uchungu wala nini. Leo nalisema lilivyo.

Naitwa Mfaume, mzaliwa wa Temeke.

Mama alifariki nikiwa darasa la tano. Aliyenilea ni dada yangu Naima, aliyenizidi miaka kumi na miwili. Alikuwa anashona makava ya makochi kwa mafundi wa Keko, na kwa cherehani hiyo hiyo nikasoma ufundi wa redio, baadaye kompyuta.

Mchana alishona, jioni aliimba.

Kikundi chao kiliitwa Mkufu, taarabu ya mtaani, cha kualikwa kwenye harusi kuanzia Mtoni mpaka Mbagala. Miaka kumi na minane dada ndiye aliyesimama mbele. Alikuwa na pumu, lakini akishika maiki ungedhani pumu ni ya mtu mwingine.

Miaka ile redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza kuchipuka mjini, kila moja inatafuta kitu kipya cha kupiga. Mzee Mwinjuma, kiongozi wa Mkufu na mpiga fidla wao, akapata mtangazaji aliyemwahidi. Leteni kaseti safi, wimbo mmoja, mwisho Jumatatu ya tarehe fulani.

Studio za mjini hazikuwa za watu kama sisi. Dada akawaambia wenzake kwamba yuko mdogo wake, atawarekodi yeye.

Wakakubali kwa heshima ya dada. Mimi hakuna aliyekuwa ananijua.

Sasa, zamani watu walikuwa wanarekodi kwa kuweka redio kaseti katikati ya chumba. Ngoma inameza kila kitu, mwimbaji anasikika yuko jikoni. Mimi nilitaka kila sauti iingie kwa njia yake, ili baadaye nipunguze ngoma na kupandisha sauti bila kuwasumbua watu.

Kwa hiyo nilitaka njia nne. Kadi ya sauti ya kompyuta ilikuwa na mbili tu.

Nilikuwa na rafiki kazini, Stanley, kijana wa Moshi aliyekuwa amerudi kutoka masomoni nje. Alirudi na sidii za Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na mapenzi yake kwa hiyo Linux yalikuwa yanachosha. Akaniambia programu za kawaida zinakataa kadi mbili za sauti kwa pamoja, ila Linux haikatai, mradi ujue kuiomba. Akaniazima na kadi yake.

Nikachomeka kadi mbili kwenye kompyuta moja. Zikagombana. Zote zilitaka kuita kompyuta kwa mlango mmoja, ikabidi nifungue tena kompyuta, nihamishe vipini vidogo vya kwenye kadi kwa kibanio cha nyusi cha dada. Halafu kiini chenyewe cha Linux nikakijenga upya ili kizitambue zote mbili. Kujenga kulichukua Jumapili nzima, na umeme ulikatika mara mbili nikaanza upya.

Mwishowe zikaitika zote. Nikaandika mistari sita ya amri, ukibonyeza mara moja kadi zote mbili zinaanza kurekodi kwa pamoja.

Zikianza pamoja zitakwenda pamoja. Ndivyo nilivyoamini, na sikumuuliza mtu.

Chumba tulipata nyuma ya karakana ya Polikarpo, seremala ambaye dada ndiye aliyekuwa anamshonea makava. Tukasimamisha magodoro ukutani. Jumamosi asubuhi nikamwomba asimamishe kazi kwa saa mbili, naye akawaambia mafundi wake wakapumzike.

Fidla na kinanda nikaviweka kwenye njia ya kwanza, ngoma njia ya pili. Hizo zote kadi yangu. Dada njia ya tatu, waitikiaji njia ya nne. Hizo kadi ya Stanley.

Wimbo ulikuwa wa dada mwenyewe, katunga yeye, dakika kumi na nne. Aliuimba nikasahau kuangalia mashine.

Karibu na mwisho, nje pakalia nyundo. Moja tu. Polikarpo alisahau, akapiga msumari, kisha akakumbuka.

Tukacheka, tukasema haitasikika. Nikaziunganisha njia zote nne ziwe wimbo mmoja, nikawafungulia kwenye spika.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Waitikiaji wakaanza kugusana mabega.

Dakika ya tano kitu kikaanza kulegea. Dakika ya kumi kila mtu alikuwa anaangalia sakafu. Dada alikuwa nyuma ya ngoma. Kufika mwisho alikuwa amechelewa karibu nusu sekunde, na kwa muziki nusu sekunde ni aibu.

Tukaurekodi upya wimbo mzima. Ikawa vilevile: mwanzo yuko juu ya ngoma, anakwenda nayo sawasawa, mwisho ameachwa.

Mtu mmoja akasema mbona hata waitikiaji wamechelewa. Mzee Mwinjuma akamjibu kwa upole kwamba waitikiaji wanamfuata Naima, akichelewa yeye nao watachelewa. Wote wakaona ni kweli. Na mimi nikaona ni kweli.

Dada akanigeukia.

"Mfaume, mie ngoma niliisikia. Nilikuwa juu yake."

Chumba kizima kiliningoja mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na ndiyo siku ya kwanza watu wazima kuningoja niseme.

"Dada, mashine haidanganyi," nikamwambia. "Inakurudishia ulichoipa."

Hakubisha. Alitoa kile kidawa chake cha kuvuta, akavuta mara mbili. Nadhani hapo ndipo wenzake walipoamua, maana hakuna aliyesema tena habari ya mashine. Ikawa habari ya pumu.

Jumapili Stanley akapitia kadi yake, alikuwa amehamishiwa Mwanza.

Jumatatu Mzee Mwinjuma akaja nyumbani, nikamwamkia shikamoo, akakaa na dada uani. Akamwambia umri haumwachi mtu, na kwamba kwa ajili ya kaseti hii ataimba Lulu. Lulu alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, mmoja wa waitikiaji. Wimbo ni ule ule, wa dada.

Dada akasema sawa. Akauliza tu kama Lulu anajua ubeti wa nne, maana una mahali pa kuvuta pumzi panaposumbua. Jumanne akamwita akamfundisha.

Jumatano tukarekodi tena. Sasa nilikuwa na kadi moja, njia mbili: vyombo huku, waimbaji kule. Lulu akaimba kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na alikuwa juu ya ngoma dakika zote kumi na nne.

Basi, ikathibitika. Mashine ni ile ile, chumba ni kile kile, wimbo ule ule. Aliyebadilika ni mwimbaji peke yake. Niliwaza hivyo mimi, niliyejua kabisa kwamba kadi ya Stanley haimo tena.

Alhamisi nikataka kufuta kazi ya dada, diski ilikuwa imejaa. Kabla ya kufuta nikasikiliza mwisho wake mara moja.

Ndipo nikaisikia nyundo. Mara mbili.

Nikafungua njia ya ngoma peke yake. Nyundo moja. Nikafungua njia ya dada peke yake. Nyundo moja. Nikazifungua pamoja, zikawa mbili, na ya kwenye njia ya dada ilikuja nyuma. Nikapima umbali wake. Karibu nusu sekunde.

Nikavua hedifoni.

Kisha nikatoka nje nikamfuata Polikarpo. Alikuwa anapiga randa mbao ya kitanda.

"Braza, Jumamosi tulipokuwa tunarekodi ile mara ya kwanza, ulipiga nyundo mara ngapi?"

"Moja. Mbona nilishaomba radhi?"

"Una uhakika haikuwa mbili?"

"Msumari mmoja, nyundo moja. Kuna nini?"

Nikamwambia hakuna kitu.

Nilikuwa nimeshaelewa. Kila kadi ina kijiwe chake kidogo cha kuhesabia muda, na vijiwe viwili havihesabu sawasawa. Ni kama watu wawili wenye saa mbili: wamezilinganisha asubuhi, jioni moja imetangulia. Kadi zangu zilianza pamoja, halafu zikawa zinaachana kidogo kidogo kwa dakika kumi na nne. Dada hakuchelewa. Waitikiaji hawakuchelewa. Kama dada alichelewa, basi na nyundo ilichelewa, na nyundo haina pumu.

Dawa yake nayo niliiona pale pale. Unazifupisha njia ya dada na ya waitikiaji kwa kipimo kile kile zilichozidi, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kazi ya mchana mmoja. Nikaifanya siku hiyo hiyo, nikasikiliza.

Dada alikuwa juu ya ngoma. Ubeti wa nne alipita pale pagumu bila kugusa kitu.

Kaseti ilikuwa iende redioni Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na siku nne.

Ningependa kuwaambia kwamba nilihangaika. Sikuhangaika. Nilijua nikisema, nitakuwa fundi aliyewaaibisha watu kwa ujinga wake, mbele ya Mzee Mwinjuma, mbele ya wote walioningoja niseme. Ijumaa ikapita. Jumamosi ikapita. Nilikuwa nakula, nalala, nasalimia watu. Moyo ulikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi, unauona ni wako lakini ukiubonyeza husikii.

Jumatatu kaseti ikaenda, na sauti ya Lulu.

Ikapigwa. Ikapendwa. Ukipita Temeke kila kibanda kilikuwa kinaipiga, na mimi nikawa Mfaume wa studio. Vikundi vikaanza kunitafuta. Nilinunua kadi moja kubwa yenye njia nne, inayohesabu kwa kijiwe kimoja, na sikurudia tena kosa lile.

Dada alikaa na waitikiaji wiki tatu, halafu akaacha. Hakugombana na mtu. Wimbo wake ukipigwa redioni alikuwa anaendelea kushona.

Ile diski sikuifuta. Niliifunga kwenye kipande cha kanga, nikaiweka juu ya kabati. Lulu aliolewa Segerea akaacha muziki. Mzee Mwinjuma akafa, Polikarpo akafa. Mimi nikawa na mvi.

Mwaka jana, dada akiwa na miaka sitini na kitu, pumu ilimlaza hospitali siku tisa. Alipotoka nikaichukua ile diski, nikapata waya wa kuiunganisha kwenye kompyuta ya siku hizi. Ikafunguka. Nikamwekea wimbo wake kwenye simu, ule niliourekebisha.

Nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikamwekea simu pembeni ya ungo.

Alisikiliza dakika zote kumi na nne. Vidole viliendelea kuchambua mpaka ubeti wa nne, hapo vikasimama. Mwisho nyundo ikagonga, mara moja.

Nikamweleza yote. Kadi mbili, vijiwe viwili, saa mbili. Nikamwambia hakuchelewa hata mara moja.

Halafu akauliza.

"Umejua lini?"

Wakuu, nilikuwa nimekwenda pale kusema ukweli. Nawaapia nilikuwa nimekwenda kusema ukweli.

"Juzi, dada. Nilipoifungua diski."

Aliutikisa ungo, akapuliza pumba.

"Polikarpo aliniambia," akasema. "Siku ile ile ya Alhamisi. Nilimpelekea makava, akanambia mdogo wako ana nini, kaja kuniuliza nyundo nimepiga mara ngapi."

Nikaigeuza simu kifudifudi.

"Mie mambo ya kadi siyajui. Nyundo na uimbaji vinahusiana vipi, sikujua. Ila nilijua umesikia kitu. Nikasema basi, atakuja kuniambia. Kaseti haijaenda bado, atakuja."

"Dada..."

"Ikaenda. Nikasema atakuja akishatulia. Ukatulia. Ukaoa, ukajenga." Akaokota kokoto, akalitupa. "Leo umekuja, na bado unanambia juzi."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Aliniambia niuweke tena ule wimbo, safari hii kwa sauti ya juu, masikio yake si mazuri siku hizi. Nikauweka. Mwenyewe akaitikia kidogo kidogo, pumzi fupi fupi, na kila neno lilikaa juu ya ngoma. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikijibonyeza kifuani nione kama kuna kitu. Kulikuwa na kitu, kidogo, kinauma.

Nililojifunza ni hili. Kosa langu la kadi ni la fundi mchanga, na lilikuwa na dawa ya mchana mmoja. Kosa la zile siku nne sijalipatia programu. Kama kuna mtu umemtwisha kosa lako, mwendee leo, na akikuuliza umejua lini, mtajie siku yenyewe. Mimi siku yangu ilikuwa Alhamisi.