Mti wa Ngamia Wangu

Mwalimu wetu wa bayolojia, katika shule ya bweni niliyosomea huko bara, alichora pimbi na tembo ubaoni akatuambia ni ndugu wa karibu. Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Alisema viumbe wasipangwe kwa sura wala ukubwa, bali kwa kufuata nani alitokana na nani, mpaka umfikie mzazi wao mmoja kule shinani. Nikajiambia, kumbe haya ni mambo ya kwetu! Garissa ukimuuliza mchungaji kuhusu ngamia wake, atakutajia mama yake, bibi yake na mama wa bibi, bila hata kupepesa macho.

Likizo ilipofika nikamsimulia mama habari za pimbi. Hakushangaa.

"Mama yao alikuwa nani?" akauliza.

Nikamjibu kwamba wataalamu hawamjui, wanajua tu kuwa alikuwepo.

"Basi kazi yao haijaisha," akasema, akaendelea kukamua.

Alikuwa akikamua ngamia wangu mimi. Siku niliyozaliwa, abti yangu, yaani ndugu wa mama, alinipa mtamba mmoja kitovu changu kilipofungwa. Ndiyo desturi yetu. Mtoto hupata ngamia wake kabla hajajua kunyonya vizuri. Mtamba yule alizaa, binti zake wakazaa, kisha akafa. Nilipotimiza miaka kumi na tisa walikuwa kumi na mmoja. Baba alishafariki, na maziwa yao ndiyo yaliyowalisha mama na dada zangu wawili.

Kisha vita vya serikali na waasi walioitwa shifta vikatufikia. Tulikusanywa katika kijiji cha lazima nje ya mji, kilichozungushiwa miiba, na kila kibanda kikaandikwa daftarini nani anaishi humo. Watu wa ukoo wa abti walikuwa wakisakwa kwa sababu lori la askari lilishambuliwa karibu na malisho yao. Abti hakuwahi kushika bunduki. Alikuwa mzee wa kikohozi, jicho lake moja bovu. Alitujia kwa miguu, na mama akamwandikisha kama ndugu wa marehemu baba: jina lake mwenyewe, lakini baba na babu wa kuazima. Kwetu mtu hujulikana kwa majina ya baba zake, na hayo mawili ya uongo ndiyo yaliyokuwa yakimweka hai. Nililijua hilo kama nilivyojua jina langu.

Asubuhi moja likatoka tangazo. Ngamia wote wapelekwe bomani kwa serikali, na ngamia yeyote ambaye mwenyewe hatathibitishwa atahesabiwa kuwa wa shifta na kupigwa risasi. Chapa haikutosha, maana chapa ya ukoo wa baba ilikuwa shingoni mwa mamia ya ngamia. Afisa alitaka maandishi. Nani Garissa nzima alikuwa na maandishi ya ngamia? Wazee walishika vichwa. Mimi kichwa kilinivimba kwa elimu. Nilichana karatasi ya daftari la shule nikachora mti kama wa mwalimu, kila jike kwenye tawi lake pamoja na alama zake, huyu sikio limepasuka, huyu ana doa jeupe gotini. Pale shinani nikaandika kama tunavyotaja siku zote, kwa sababu kwetu kumtaja ngamia bila aliyekupa ni kujiita mwizi. Zawadi ya abti. Jina lake, la baba yake, la babu yake. Mkono uliandika wenyewe, wala sikufikiri.

Mama hakujua kusoma. Aliutazama ule mti akasema ni mzuri.

Tulikwenda bomani mimi na abti, yeye akishika kamba ya ngamia wa mbele. Afisa alisoma karatasi, akawakagua ngamia mmoja mmoja, sikio kwa sikio, goti kwa goti. Akatabasamu.

"Kazi safi, kijana. Chukua ngamia wako."

Furaha niliyoihisi wakati ule inanitia aibu mpaka leo. Kidole chake kilikuwa bado kinashuka kwenye karatasi. Kilipofika shinani, kwenye majina ya ukoo uliokuwa ukisakwa, kikasimama, naye akaagiza daftari la kijiji. Jina la kwanza lilikuwa lile lile. Baba wawili mbalimbali.

"Huyu mjomba yuko wapi?"

Abti akaiweka ile kamba mkononi mwangu.

"Afande, kijana hiyo hana kosa," alisema. "Mimi ndio abti yake. Ngamia hii yote ni ya mama moja. Mwache abeleke nyumbani."

Wakampakia kwenye lori. Hatukuambiwa alipopelekwa, na hatujaambiwa mpaka leo. Ngamia wangu wote kumi na mmoja nilirudi nao. Mama aliwahesabu, akatazama nyuma yangu, kisha akachukua chombo cha maziwa akaenda kukamua kwa sababu dada zangu walikuwa na njaa. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Baadaye nami nikawa mwalimu wa bayolojia. Kila mwaka nimechora mti huo ubaoni, pimbi huku, tembo kule, na shina nimeliacha tupu. Wanafunzi huuliza pale chini alikuwa nani. Nami huwaambia hajulikani.